Satelaiti na Ulinzi wa Misitu ya Kibondo na Kasulu: Namna Picha za Angani Zinavyosomwa na Kutumika

Ufuatiliaji wa misitu kwa kutumia satelaiti ni kazi ya kulinganisha picha za eneo moja zilizopigwa katika nyakati tofauti, ili kubaini mahali ambapo miti imeondolewa, imepungua, imeungua au imeanza kurejea. Katika Mkoa wa Kigoma, ambao kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 una watu 2,470,967, kazi hiyo ina umuhimu wa pekee. Misitu ya miombo ya Kibondo na Kasulu hutoa kuni, asali, mbao na ardhi ya kilimo kwa wananchi, na wakati huohuo hulinda maji ya mabonde ya Malagarasi na Moyowosi.

Makala haya yanaeleza namna picha hizo zinavyopatikana, zinavyosomwa na zinavyofikishwa kwa wasimamizi wa misitu na kwa vijiji. Yanaeleza pia mipaka ya teknolojia hiyo, kwa sababu picha iliyosomwa vibaya inaweza kuacha msitu ukiteketea bila taarifa, au kumhesabu mkulima aliye katika ardhi yake kuwa mvamizi wa hifadhi.

Eneo linalohusika

Kibondo na Kasulu ziko katika nyanda za juu za magharibi mwa Tanzania, jirani na mpaka wa Burundi. Wenyeji wa asili wa eneo hili ni Waha, na shughuli zao kuu ni kilimo cha mahindi, maharage, muhogo, ndizi, kahawa na tumbaku, pamoja na ufugaji wa nyuki. Uoto wa asili ulio mkubwa zaidi ni miombo, yaani misitu ya wazi yenye miti inayopukutisha majani wakati wa kiangazi. Ndani yake hupatikana miti ya thamani kubwa sokoni, ukiwemo mninga na mkurungu.

Eneo hili limezungukwa na maeneo kadhaa yaliyohifadhiwa kisheria. Katika Kasulu yapo Makere Kaskazini na Makere Kusini, ambayo ni misitu ya hifadhi. Upande wa mashariki liko Pori la Akiba Moyowosi, ambalo ni sehemu ya ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi. Ardhioevu hiyo, yenye ukubwa wa hekta milioni 3.25, ilikuwa ya kwanza nchini kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000.

Mto Malagarasi huanzia katika nyanda za mpakani mwa Tanzania na Burundi, hupita katika eneo hili hadi kwenye mabwawa ya Moyowosi, kisha hugeuka magharibi na kumwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Maji hayo ndiyo yanayotegemewa na mradi wa umeme wa Malagarasi wa megawati 49.5. Kwa hiyo ufyekaji wa mteremko mmoja huko Kasulu haubaki kuwa jambo la kijiji kimoja. Udongo unaosombwa na mvua hushuka hadi mtoni, na madhara yake huwafikia wavuvi, wakulima wa mabondeni na watumiaji wa umeme walio mbali na mteremko huo.

Jinsi satelaiti inavyouona msitu

Kamera ya satelaiti ya uchunguzi wa dunia hupima kiasi cha mwanga wa jua unaorudishwa na ardhi. Pamoja na rangi zinazoonekana kwa macho, hupima pia miale ya infraredi, ambayo jicho la binadamu haliioni. Jani lenye afya hufyonza sehemu kubwa ya mwanga mwekundu kwa ajili ya kujitengenezea chakula, na hurudisha sehemu kubwa ya miale ya infraredi. Udongo mtupu, bati la nyumba, maji na majivu kila kimoja hurudisha mwanga kwa namna yake.

Kutokana na tofauti hiyo wataalamu hukokotoa fahirisi ya uoto, ambayo ni namba kati ya -1 na 1. Namba inayokaribia 1 huonesha uoto mzito, na inayokaribia sifuri huonesha ardhi isiyo na majani. Eneo lililokuwa na namba kubwa kila mwezi wa tano kwa miaka kadhaa, kisha likashuka ghafla, huwa limepatwa na jambo linalostahili kuchunguzwa.

Picha ya satelaiti imeundwa kwa vipande vidogo vya mraba vinavyoitwa pikseli, na ukubwa wa pikseli ndio unaoamua kitu gani kitaonekana. Katika picha za Landsat, pikseli moja ni mita 30 kwa 30, sawa na mita za mraba 900. Shamba jipya la ekari moja, yaani mita za mraba zipatazo 4,047, huonekana kwa pikseli nne na nusu tu. Katika picha za Sentinel-2, ambazo pikseli yake ni mita 10 kwa 10, shamba hilohilo hupata pikseli zipatazo 40, na umbo lake huweza kuchorwa. Mti mmoja wa mninga uliokatwa na kusombwa usiku unaweza kupita bila kuonekana katika aina zote mbili.

Satelaiti zinazotumika

Kumbukumbu ndefu kuliko zote ni ya Landsat, mpango wa Marekani ulioanza kwa kurushwa kwa satelaiti ya kwanza Julai 23, 1972. Mwaka huohuo Serikali ilianza Operesheni Kigoma, iliyohamisha wananchi kutoka makazi yaliyotawanyika kwenda katika vijiji vya pamoja. Kwa hiyo picha za mwanzo za Landsat zinaihusu Kigoma katika kipindi kilekile ambacho ramani ya makazi yake ilikuwa ikibadilika, na hadi leo ni kipimo cha kuanzia kwa anayetaka kujua msitu ulikuwa wapi.

Tangu mwaka 2008 picha zote za Landsat hutolewa bure. Landsat 8, iliyorushwa mwaka 2013, na Landsat 9, iliyorushwa mwaka 2021, kila moja hurudi juu ya eneo lilelile baada ya siku 16. Zikitumika pamoja, eneo hupigwa picha kila baada ya siku 8. Umoja wa Ulaya nao ulirusha Sentinel-2A mwaka 2015 na Sentinel-2B mwaka 2017, na satelaiti mbili za mpango huo zikitumika pamoja, eneo hupigwa picha kila baada ya siku 5. Satelaiti za Landsat na Sentinel-2 hupita kati ya saa nne na saa nne na nusu asubuhi, wakati ambao kwa kawaida mawingu ya mchana hayajajikusanya.

Hata hivyo, Kigoma ina msimu mrefu wa mvua unaoanza kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Katika miezi hiyo mawingu huweza kuziba picha kwa wiki nyingi mfululizo. Pengo hilo hupunguzwa na satelaiti za rada, mojawapo ikiwa Sentinel-1, ambazo hutuma mawimbi yao wenyewe kuelekea ardhini na kupima yanavyorudi. Mawimbi ya rada hupenya mawingu na hufanya kazi usiku na mchana. Upungufu wake ni kwamba unyevu wa udongo na wa majani hubadilisha majibu, hivyo mvua kubwa iliyonyesha jana inaweza kufanana na mabadiliko ya msitu.

Hatua za kubaini mabadiliko

Hatua ya kwanza ni kuchagua picha zinazolinganika. Hatua ya pili ni kuondoa mawingu na vivuli vyake, kwa kuwa kivuli cha wingu kilichoachwa ndani ya picha huonekana kama eneo lililoungua. Hatua ya tatu ni kukokotoa fahirisi na kuainisha ardhi katika makundi: msitu, kichaka, shamba, makazi, maji na mbuga za majani.

Hatua ya nne ni kulinganisha miaka. Njia inayotumika zaidi sasa ni kusoma mfululizo wa picha za miaka mingi kwa kila pikseli, badala ya picha mbili tu za mwanzo na mwisho. Mfululizo huo hutofautisha eneo lililofyekwa mara moja na kuachwa likachipua, na eneo lililofyekwa kisha likalimwa kila mwaka. Tofauti hiyo ni muhimu kwa miombo, kwa sababu visiki vyake vingi huchipua tena vikiachwa bila kulimwa wala kuchomwa mara kwa mara.

Hatua ya tano ni uhakiki, ambapo wataalamu huchagua sampuli ya maeneo na kuyatazama kwa picha zenye uwazi mkubwa zaidi, kwa ndege zisizo na rubani au kwa kufika wenyewe wakiwa na kifaa cha GPS. Uhakiki hupima makosa ya aina mbili: kutangaza ufyekaji mahali ambapo haukutokea, na kuukosa mahali ulipotokea. Ramani isiyoeleza kiwango cha makosa yake haifai kuwa msingi wa uamuzi unaogusa ardhi ya watu.

Kwa nini miombo ni migumu kusoma

Mbinu nyingi za kusoma misitu kwa satelaiti zilikuzwa katika misitu minene ya mvua, ambayo majani yake hubaki kijani mwaka mzima. Miombo haiko hivyo. Ifikapo Agosti miti mingi huwa imepukutisha majani. Kabla ya mvua za kwanza huchipua majani mapya, mengi yakiwa na rangi nyekundu au ya kahawia kabla ya kugeuka kijani. Mtu akilinganisha picha ya Mei na ya Septemba mwaka huohuo, anaweza kudhani maelfu ya hekta yamefyekwa, kumbe miti imesimama ilipokuwa.

Ugumu wa pili ni mashamba. Shamba la muhogo uliokomaa huweza kufanana na kichaka kinachorejea, na shamba la mahindi lililovunwa hufanana na mbuga kavu. Ugumu wa tatu ni kupungua kwa ubora wa msitu bila msitu kutoweka. Wavunaji wanaochagua miti ya mninga na mkurungu, wachoma mkaa wanaokata miti michache kwa kila tanuri, na wanaobandua magome kwa ajili ya kutengeneza mizinga huacha nyuma msitu unaoonekana ni msitu ukiutazama kutoka angani. Hasara hiyo hugunduliwa kwa kupima miti ardhini.

Kwa sababu hiyo, Tanzania haikutegemea satelaiti peke yake katika tathmini ya taifa ya rasilimali za misitu, NAFORMA. Tathmini hiyo, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015, ilipima miti katika zaidi ya maeneo ya sampuli 30,000 nchi nzima. Ilibainisha kuwa nchi ina hekta milioni 48.1 za misitu, na kwamba karibu nusu ya misitu hiyo iko katika ardhi za vijiji. Uchambuzi uliofuata, uliotumika kuandaa kiwango rejea cha taifa cha hewa ya ukaa itokanayo na misitu, ulikadiria kuwa upotevu wa misitu Tanzania Bara ulikuwa hekta 469,420 kwa mwaka kati ya mwaka 2002 na 2013.

Moto na majira yake

Moto ndio uharibifu unaogunduliwa haraka zaidi. Vifaa vya kuhisi joto vilivyo katika satelaiti, vikiwemo MODIS na VIIRS, hutambua maeneo yenye joto kali kuliko mazingira yake, na taarifa zake hupatikana mtandaoni bila malipo ndani ya saa chache. VIIRS, ambayo pikseli yake ya moto ni mita 375, hupita karibu saa saba na nusu mchana na tena karibu saa saba na nusu usiku.

Taarifa ya moto pekee haitoshi, kwani katika miombo si kila moto ni janga. Moto wa mwanzoni mwa kiangazi, wakati majani ya chini bado yana unyevu, huwa hafifu na mara nyingine huwashwa na wasimamizi wenyewe ili kupunguza nyasi kavu. Moto wa Septemba na Oktoba hukuta nyasi zimekauka kabisa, hupanda juu, huua miche na kuunguza mizinga ya nyuki. Hivyo afisa anayesoma taarifa hizo hutazama tarehe pamoja na mahali. Nukta nyingi za moto mwezi Oktoba kandokando ya hifadhi, zikifuatiwa na udongo mtupu katika picha za Novemba, kwa kawaida huashiria shamba jipya linaloandaliwa.

Maeneo yanayozunguka kambi za wakimbizi

Kibondo na Kasulu zimepokea wakimbizi kwa miongo kadhaa. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka iliyokuwa Zaire, ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Baada ya machafuko ya mwaka 2015 nchini Burundi, idadi ya watu katika kambi hiyo ilivuka 150,000. Mwaka huohuo Kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya na baadaye ikahifadhi zaidi ya watu 100,000. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwaka 2012, na Kambi ya Mtendeli wilayani Kakonko ilifungwa mwaka 2021.

Mji wa watu wengi kiasi hicho, wanaopika kwa kuni, huacha alama inayosomeka. Kambi yenyewe huonekana kwa urahisi kutokana na paa na barabara zilizopangwa kwa mistari. Kinachohitaji umakini ni eneo la nje, ambako wataalamu huchora miduara ya umbali kutoka kambini, kwa mfano kilomita 2, 5 na 10, kisha hupima mabadiliko ya uoto katika kila mduara na kuyalinganisha na eneo lenye miombo ya namna hiyohiyo lililo mbali na kambi. Bila ulinganisho huo, ukame wa mwaka mmoja au upanuzi wa kilimo wa mkoa mzima unaweza kuhesabiwa kuwa ni kazi ya kambi.

Tahadhari hiyo ni ya haki kwa pande zote. Mkusanya kuni kwa kawaida huanza na matawi makavu na miti midogo, na athari yake hujitokeza polepole. Shamba, kwa upande mwingine, huondoa miti yote kwa msimu mmoja. Ukaushaji wa tumbaku, uchomaji wa tofali na mkaa unaopelekwa mijini navyo hula msitu huohuo. Picha inaweza kuonesha kasi na umbo la mabadiliko, lakini chanzo chake huthibitishwa kwa kufika eneo la tukio na kuzungumza na watu.

Picha hizo pia hutumika baada ya kambi kufungwa. Katika maeneo ya kambi za zamani, mfululizo wa picha huonesha kama machipukizi yameachwa yakue au kama ardhi imegeuzwa mashamba. Taarifa hiyo husaidia kuamua mahali pa kupanda miti na mahali ambapo ulinzi pekee unatosha kuurejesha msitu.

Mpaka na kosa la mita 300

Swali linaloulizwa mara nyingi kuhusu hifadhi si kama msitu umefyekwa, bali kama eneo lililofyekwa liko ndani au nje ya mpaka. Katika eneo la Makere na Kagera Nkanda, ambako mgogoro wa ardhi kati ya wakulima na hifadhi umekuwa wa muda mrefu, swali hilo linagusa chakula cha familia.

Ramani nyingi za zamani za Tanzania zilichorwa kwa mfumo rejea wa vipimo unaoitwa Arc 1960. Vifaa vya GPS na picha za satelaiti hutumia mfumo wa WGS 84. Nukta moja ya ardhini, ikisomwa kwa mifumo hiyo miwili bila kubadilisha hesabu, hutofautiana kwa takriban mita 300, hasa kwa mwelekeo wa kaskazini na kusini. Kwa mpaka wa kilomita 10 unaotoka mashariki kwenda magharibi, tofauti hiyo ni sawa na hekta 300 za ardhi. Mashamba yaliyo halali yanaweza kuonekana yamo ndani ya hifadhi, na yaliyo ndani yakaonekana yako nje.

Kigoma ina ugumu mwingine wa kijiografia. Longitudo ya nyuzi 30 Mashariki, inayotenganisha kanda za 35 na 36 za mfumo wa gridi wa UTM, hupita ndani ya mkoa huu. Mji wa Kigoma uko katika kanda ya 35, na miji ya Kasulu na Kibondo iko katika kanda ya 36. Fundi anayechanganya kanda hizo hupata majibu yaliyo mbali kabisa na eneo lenyewe. Kosa la namna hiyo hugunduliwa mapema kwa sababu ni kubwa. Kosa la mita 300 ndilo la hatari zaidi, kwani matokeo yake huonekana kuwa ya kweli.

Kwa sababu hizo, mpaka halali ni ule uliotangazwa katika Gazeti la Serikali na kutafsiriwa ardhini na wapima wenye mamlaka, kwa vigingi vinavyoonekana na vinavyofahamika kwa vijiji jirani. Mstari uliochorwa juu ya picha ni msaada wa kuutafuta mpaka huo, na hauwezi kuchukua nafasi yake.

Kutoka kwenye picha hadi kijijini

Mkoa wa Kigoma una historia ya kujivunia katika kuzifikisha picha za satelaiti kwa wananchi. Katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Gombe, Taasisi ya Jane Goodall, iliyoanzisha mpango wa TACARE mwaka 1994, ililinganisha picha za Landsat za mwaka 1972 na 1999. Ulinganisho huo ulionesha kuwa msitu ndani ya hifadhi ulibaki, ilhali milima mingi iliyo nje ilikuwa imepoteza miti yake.

Hatua iliyoleta mabadiliko ni iliyofuata. Picha zenye uwazi wa chini ya mita moja zilipelekwa vijijini, na wananchi wakazisoma wao wenyewe: hapa ni njia ya kwenda kisimani, pale ni shamba la fulani, kule ni mahali penye heshima ya kimila. Picha hizo zikawa msingi wa mipango ya matumizi bora ya ardhi. Vijiji vilitenga misitu yao na kuteua wafuatiliaji wa misitu, ambao hutembea msituni na kurekodi kwa simu za mkononi wanachokikuta, vikiwemo visiki, matanuri ya mkaa na mitego pamoja na dalili za wanyama.

Fundisho la uzoefu huo kwa Kibondo na Kasulu ni kwamba mfuatiliaji aliyeko msituni na satelaiti iliyoko angani hukamilishana. Satelaiti humwonesha mfuatiliaji mahali pa kwenda katika eneo ambalo asingelimaliza kwa mguu. Mfuatiliaji huieleza satelaiti jambo ambalo isingelijua, kama vile aina ya mti uliokatwa, zana iliyotumika na umri wa kisiki.

Taasisi na sheria

Misitu ya hifadhi ya Serikali Kuu husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na mapori ya akiba husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Takwimu za kitaifa za hewa ya ukaa huratibiwa na Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni (NCMC), kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro. Halmashauri za wilaya zina maafisa misitu wao, na vijiji vina kamati za maliasili.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kuanzisha hifadhi ya msitu katika ardhi yake na kutunga sheria ndogo za kuusimamia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa Halmashauri ya Kijiji dhamana ya kusimamia ardhi hiyo kwa niaba ya wanakijiji, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inaeleza namna mipango inavyoandaliwa. Picha za satelaiti hupata nguvu zinapounganishwa na ngazi hizo. Taarifa ya ufyekaji inayobaki katika kompyuta ya ofisi moja bila kumfikia mtendaji wa kijiji haizuii hata shoka moja.

Ufuatiliaji pia hauondoi mahitaji yanayowapeleka watu msituni. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Katika maeneo ambayo jiko la kuni bado ndilo tegemeo, kupungua kwa mahitaji ya kuni kutapimika baadaye kwa picha zilezile zinazopima ufyekaji leo.

Mambo ya kuzingatia kwa vijiji na halmashauri

Kijiji kinachohitaji kutumia picha za satelaiti hakilazimiki kununua mitambo. Tovuti ya Global Forest Watch, iliyozinduliwa mwaka 2014, huonesha bila malipo tahadhari za upotevu wa miti, na afisa misitu wa wilaya anaweza kuzisoma kwa kompyuta ya kawaida yenye intaneti. Yafuatayo ni ya msingi katika kuzitumia:

Kwanza, tahadhari ya satelaiti ichukuliwe kuwa ni wito wa kwenda kuangalia, si hukumu. Picha haioneshi jina la mtu wala haielezi kama alikuwa na kibali.

Pili, picha za kulinganisha ziwe za mwezi mmoja wa miaka tofauti, hasa mwishoni mwa mvua ambapo miti ina majani na nyasi bado ni mbichi.

Tatu, mfumo rejea wa vipimo uliotumika uandikwe katika kila ramani, na viongozi wa kijiji waelezwe maana yake kabla ya kuweka sahihi.

Nne, matokeo yasomwe katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambapo wazee wanaokumbuka msitu ulikokuwa wataweza kuyasahihisha au kuyathibitisha.

Tano, kumbukumbu zitunzwe. Ramani ya mwaka mmoja hujibu swali dogo, lakini ramani za miaka 10 mfululizo hukionesha kijiji kama uamuzi wake wa kutenga msitu umezaa matunda.

Mpango wa ufuatiliaji unaozingatia mambo hayo hulinda vitu viwili kwa pamoja: msitu unaohifadhi maji ya Malagarasi, na haki ya mwananchi anayelima nje ya mpaka wake.